Mnyaa wa Mpakani

Asubuhi niliyotakiwa kwenda kueleza jinsi ardhi inavyogombanisha majirani, jicho langu la kulia lilikuwa limevimba kama andazi lililozidiwa hamira. Nilisimama mbele ya ukumbi wa hoteli moja karibu na ziwa, nikawasalimia waalikwa kwa jicho moja, na nyuma yangu ukutani ukawaka mchoro wangu.

Ni mchoro ninaoupenda. Nimezunguka nao miaka mingi, nao umenilisha mishikaki mingi ya bure. Una mishale. Wa kwanza unatoka kwenye watu kuongezeka na kwenda kwenye mashamba kupanda mlimani. Kutoka hapo unakwenda kwenye miti kukatwa, kisha maji kushuka kwa kasi, kisha makorongo kupanuka na ziwa kujaa, kisha watu kuhama, kisha waliohama kukutana na wasiohama. Mshale wa mwisho ni mwekundu. Unaingia kwenye neno MGOGORO, ambalo nimelizungushia duara, nadhani kwa kuogopa lisije likatoroka. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza mimi mwenyewe nimekaa kati ya mshale upi na upi. Nilidhani mwenye kalamu hukaa nje ya karatasi.

Kuhusu jicho, niliwaambia waandaaji kwamba ni mafua.

Naishi Carama, kaskazini mwa Bujumbura, mahali ambapo mji unakwisha na mashamba hayajakubali kuanza. Sikuzaliwa hapa. Nilizaliwa Buyenzi, katika nyumba ya babu yangu iliyokuwa kubwa mpaka wajukuu wake walipoanza kuoa. Kila harusi ilikata chumba kimoja kuwa viwili, kwanza kwa pazia, halafu kwa mbao, halafu kwa tofali nyembamba. Usiku niliomsikia shemeji yangu akigeuka kitandani, nikajua amegeukia upande gani, niliamua kuondoka. Huko Carama nilinunua kiwanja kwa mkulima wa mihogo ambaye naye watoto wake walikuwa wamezidi shamba lake. Yeye akahamia juu, kwenye mlima unaotazama mji, akalima mteremko ambao zamani ulikuwa na miti. Inawezekana kabisa kwamba maji yanayonila leo yanapita kwanza shambani mwake, yakamsalimia, ndipo yakateremka kwangu.

Nasema yananila kwa sababu nyuma ya kiwanja changu pana korongo. Nilipojenga lilikuwa mfereji, watoto wangu wakiuruka kwa mchezo. Mvua za kila mwaka zikawa zinalipanua. Likachukua migomba na jiwe la mpaka. Likachukua banda la kuku, na kuku mmoja ambaye hakuwa mwepesi. Masika iliyopita ukingo wake ulifika kwenye jiko. Kwetu jiko huwa nje, nyuma ya nyumba, na mke wangu akawa anasonga ugali huku mgongo wake umeelekea shimo. Alikuwa amefunga tu kamba ya manila kutoka kwenye nguzo ya jiko mpaka kwenye dirisha la chumba changu cha kusomea, na nilipouliza ni ya nini alisema, "Ya kushika, siku nikianza kwenda. Na wewe utaniona ninavyopita."

Upande wa kushoto anakaa jirani yetu, mama mjane, mzaliwa wa Uvira, ng'ambo ya mpaka wa nchi. Anauza vitenge na ndagala, dagaa wa ziwani, anaimba kwaya kanisani, na sauti yake haijui kunong'ona. Alikuja miaka michache baada yangu. Kati yetu hakukuwahi kuwa na ukuta. Palikuwa na ua wa mnyaa. Asiyeujua mnyaa afikirie kichaka cha vijiti vya kijani visivyo na majani, kila kijiti kimejaa utomvu mweupe. Hauhitaji saruji wala fundi. Ukivunja tawi na kulichomeka ardhini, linashika, na baada ya msimu mmoja wa mvua hakuna mtu anayeweza kuapa kwamba halikuwa pale tangu zama za wazee wake. Ndiyo maana kwa desturi mnyaa wa mpakani haupandwi na mtu mmoja. Unamwita jirani, mnasimama wote wawili, mmoja anashika panga na mwingine anachomeka, na mkimaliza mnakunywa kitu pamoja. Mimi na mama jirani tuliupanda hivyo. Yeye alileta bia yake, mimi nikaleta chai yangu ya tangawizi, na kila mmoja akamhurumia mwenzake.

Katika miaka hii ziwa lilipanda. Watu waliokuwa wakikaa karibu na ufuko waliona maji yakiingia uani, kisha sebuleni, kisha yakakataa kutoka. Mkwe wa jirani yangu, mke wa kijana wake anayefanya kazi Tanzania, alikuwa miongoni mwao. Alikaa kwanza kwenye mahema walimowekwa watu wa mafuriko, na alipojifungua humo, mama mkwe wake alikwenda kumchukua. Wakawa wanalala wote katika chumba kimoja na marobota ya vitenge. Ndipo mama jirani alipoanza kukusanya matofali, akayapanga kando ya mnyaa. Pale, kati ya nyumba yake na ua wetu, palikuwa na nafasi ya kutosha chumba kimoja. Chumba kidogo, lakini cha mtu na mtoto wake.

Nami nilikuwa nimeitazama nafasi hiyohiyo kwa macho ya mtu ambaye jiko lake linaning'inia. Nilihitaji hatua moja tu, jiko liweze kukaa ubavuni mwa nyumba. Nilijiambia kwamba ni hatua ya mtu mfupi. Nikajiambia pia kwamba korongo limenichukulia nyuma, kwa hiyo ni haki nijifidie ubavuni. Nimesoma vitabu vingi juu ya watu wanaofikiri hivyo, na nimewaandikia tanbihi.

Nilitoka baada ya swala ya alfajiri. Naona aibu zaidi kwa hilo, kwamba mkeka ulikuwa bado haujakunjwa. Mke wangu aliniona na panga.

"Unaenda wapi?"

"Kurekebisha ua."

"Ua umelalamika?"

Nilikata matawi, nikayachomeka hatua moja ndani ya uwanja wa jirani, moja baada ya jingine, nikaanza kung'oa yale ya zamani. Nilifanya kazi kwa haraka na vibaya, kama mtu aliyesomeshwa. Shina moja lilikataa. Nililivuta kwa nguvu, likakatika, na utomvu ukaniruka jichoni.

Walioguswa na utomvu huo wanajua. Wasiojua wafikirie pilipili iliyochanganywa na moto. Nilidondosha panga nikaanza kuzunguka uani nimeshika uso, na ingawa nilikuwa nimepanga kunyamaza kwa sababu zinazoeleweka, nilipiga kelele mpaka mbwa wa mtaa mzima wakaniitikia. Nilisikia nyayo, halafu ile sauti isiyojua kunong'ona.

"Mwarimu, ni nini? Ni nyoka?"

"Mnyaa," nilisema.

"Usiguse. Usitie maji, yatazidisha. Kuja hapa. Lala."

Alinishika mkono akanivuta, na kwa jicho moja niliona kwamba ananipitisha katikati ya vijiti vyangu vipya. Alinilaza kwenye benchi lake, karibu na matofali. Kisha akamwita mkwe wake. Dawa ya utomvu wa mnyaa, kila mtu wa huku anaijua, ni maziwa ya mama anayenyonyesha. Mkwe akaja na mtoto mgongoni, msichana mwembamba, mwenye haya. Aligeuka ukutani akakamua maziwa kidogo kwenye kifuniko cha chupa, akaja akaniinamia akanidondoshea jichoni tone kwa tone, huku mtoto wake akinitazama juu ya bega lake kama mwenye mali anayetazama mali yake ikigawiwa.

Moto ukapungua. Nikawa nimelala pale, profesa wa amani, kichwa juu ya kitenge cha mwanamke ambaye nilikuwa nimetoka kumwibia sakafu.

"Ulikuwa unafanya nini na munyaa saa hii?" mama jirani aliuliza.

"Nilikuwa narekebisha."

"Ah. Kurekebisha." Nilimsikia akitembea kuelekea mpakani, akisimama, akirudi. "Macho ni kitu ya kuchunga, Mwarimu. We uko nayo mbili tu."

Mke wangu aliponipokea alinitazama sana. "Kwa hiyo sasa wewe ni mtoto wa kunyonya wa yule msichana," alisema. "Hutaweza kumwoa, hata ukitaka." Nilimweleza kwamba kwa sheria ya dini maziwa yaliyopita jichoni hayahesabiki. "Hayahesabiki kwako," alisema, akaenda kupika, akiwa ameshika kamba.

Basi nikaenda hotelini. Niliongea vizuri, waliniambia hivyo. Mwishoni bwana mmoja wa mikoani aliuliza, "Sasa dawa ni nini?" Nikajibu kwamba dawa ni utamaduni wa mazungumzo, kwamba majirani wakizoea kuitana kabla ya kugusa mpaka, mgogoro hauzaliwi. Wakapiga makofi. Jicho lilikuwa linatoa machozi lenyewe wakati huo, na nadhani wengine walidhani nimeguswa.

Nilirudi jioni kwa miguu mwendo mrefu, maana petroli ilikuwa hakuna na mabasi yalikuwa yamelala kwenye foleni. Nilipofika uani nilikuta mnyaa umehama. Haukurudi pale ulipokuwa zamani. Ulikuwa umekuja upande wangu, hatua moja zaidi ya mahali petu pa siku zote, mstari ulionyooka vizuri kuliko wangu, na kijiti cha mwisho kimechomekwa mguuni pa jiko la mke wangu.

Jirani alikuwa mlangoni anachambua ndagala.

"Mama," nilisema, "hii ni nini?"

"Nami nilirekebisha," alisema.

Ningeweza kucheka. Palikuwa na nafasi ya kucheka pale, kubwa kuliko nafasi ya chumba. Yeye mwenyewe, nadhani, alikuwa ameniachia nafasi hiyo kwa makusudi. Lakini nilikuwa nimechoka, nimetoka kupigiwa makofi, na mtu aliyetoka kupigiwa makofi ni mtu wa hatari kidogo. Nilikwenda kumwita mkuu wa nyumba kumi.

Mkuu wetu ni fundi wa magari aliyestaafu. Alikuja siku ya pili pamoja na wazee wawili, akakaa kwenye baraza yangu na dumu tupu la petroli kati ya miguu yake, na watu wa mtaa wakajipanga nje kusikiliza, maana habari ya mpaka haina kiingilio.

"Semeni mbio," alisema. "Banasema mafuta itafika leo. Mupaka ilikuwa wapi?"

"Kwenye jiwe," nikasema.

"Jiwe iko wapi?"

"Kwenye korongo."

"Na shahidi?"

"Shahidi njo korongo," alisema mama jirani. "Muiite iseme."

Watu wakacheka. Mkuu hakucheka, alikuwa anatazama jua. "Basi hatuna jiwe, hatuna shahidi. Tutafanya je? Nani alitangulia kufika hapa?"

Hapo ndipo ilipoanzia. Nimelifikiria swali hilo mara nyingi, jinsi lilivyokuja jepesi, kama mtu anayeuliza nani amekaa na kiberiti. Hakuwa na ubaya wowote. Alitaka kwenda kupanga foleni.

Nikasimama. Ningeweza kusema nilitangulia mimi, ikawa basi. Lakini mimi ni mtu wa sentensi, na sentensi ilikuwa imeshafika mdomoni, imevaa vizuri.

"Mkuu," nilisema, "mama namheshimu, yeye ni wa siku nyingi. Lakini waliojaa kwake sasa wameletwa na maji. Na kilicholetwa na maji hakiulizwi kinataka kukaa wapi."

Kulikuwa na kimya kidogo, kile kimya ambacho mwandishi hukingoja maisha yake yote. Kisha wale wa nje wakacheka, si kicheko cha kwanza, kingine. Mzee mmoja akatikisa kichwa akasema, "Eeh, Mwarimu." Nikahisi utamu. Wala sikuwa nimekaa bado nilipoona mkwe wa jirani yangu amesimama nyuma ya watu na mtoto mgongoni. Alikuwa ameleta maziwa kwenye kifuniko. Jicho langu lilikuwa bado jekundu, na mama mkwe wake, pamoja na ugomvi wote, alikuwa amemtuma. Akageuka akarudi nayo.

Mkuu hakuamua kitu. Alisema mnyaa usiguswe wala matofali yasiguswe mpaka apate nafasi, akabeba dumu lake.

Vitabu vyangu havinukuliwi na mtu. Nimekubali hilo. Lakini sentensi ile ilitoka barazani kwangu ikatembea yenyewe. Siku chache baadaye nilimsikia mshona viatu wa njia panda akimwambia mteja, "Hiki kiatu kimeletwa na maji, hakiulizwi," na nilichosikia kwanza moyoni, kabla ya kitu kingine chochote, kilikuwa fahari. Niandike hivyo hivyo. Aibu ilikuja ya pili, ikihema, kama mtu aliyechelewa.

Ilikuja na mke wangu, aliyerudi kutoka kwenye bomba la mtaa na ndoo yenye maji nusu. Bomba letu ni moja na maji huja kwa saa zake, kwa hiyo foleni ya bido, yale madumu ya njano, huanza alfajiri. Mkwe wa jirani alikuwa ameweka bido lake tangu mapema. Mwanamke mmoja, hata si wa nyumba kumi zetu, alilichukua akalisogeza mwisho kabisa kwa mguu. "Wenye kuletwa na maji bangoje," akasema. "Wenye kartye kwanza," yaani wenye mtaa. Na foleni yote ikasonga mbele nafasi moja, taratibu, kila mtu akisukuma dumu lake.

"Nilikuwa pale," mke wangu alisema. "Nilisikia maneno yako mdomoni mwa mtu nisiyemjua. Nikatazama chini. Halafu nami nikasogeza ndoo yangu, Baba watoto. Ndiyo haya maji."

Hatukuyatumia kupikia. Yalikaa kwenye ndoo mpaka yakaota vumbi.

Halafu mkuu akarudi, safari hii bila dumu, na uso wa mtu mwenye shughuli kubwa. Alikataa chai.

"Mwarimu, batu bako banaongea. Bomba ni moja, shule ni moja, mutoto anasomea chini. Na kila nyumba imeingiza mugeni wa mafuriko. Banasema barudi kule ku mahema, barudi bote. Siku ya posho, kazi ikiisha, tutafanya mukutano."

"Na mimi?"

"Kila mutu anasema mubaya, banafoka tu. We unajua kusema. Utasimama, utasema ile yako ya maji. Ile moja tu. Inatosha."

Nilimwambia nitafikiria. Akashangaa, hakudhani ni jambo la kufikiria. Alipotoka nilikaa katika chumba cha kusomea, nikitazama kamba ya manila iliyofungwa dirishani. Kwa upande wa pili wa ua mtoto alikuwa analia, na bibi yake alikuwa anamwimbia kwa ile sauti yake kubwa. Alikuwa ameshaambiwa. Kila mtu alikuwa ameshaambiwa. Yale matofali yalikuwa pale pale, na sasa hayakuwa tena habari ya hatua moja. Kama nikisema sentensi yangu mara ya pili, mtoto yule atarudi kulala hemani, na mvua zilikuwa bado hazijaisha.

Jumamosi, hiyo posho ya mkuu, ndiyo siku ya kazi za jamii. Mtaa mzima ulikwenda korongoni kujaza magunia mchanga na kuyapanga kwenye ukingo. Ni kazi nzuri, na kila gunia tuliloweka upande wetu lilikuwa linayasukuma maji kwa watu wa ng'ambo ya korongo, ambao nao walikuwa wanaweka magunia yao, na tulikuwa tunapungiana mikono. Mama jirani alijaza magunia mengi kuliko mimi. Hatukusalimiana. Mkwe wake alikuwa anashika midomo ya magunia, macho chini.

Tukakusanyika. Mkuu akasema maneno mawili, kisha akanionyesha kwa mkono, kama mtu anayeleta chakula mezani.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilikuwa nimeamua kukataa, lakini nikiwa ni mimi, niliamua kukataa kwa njia ya elimu. Nikaanza na watu kuongezeka. Nikawapandisha mlimani, nikakata miti, nikateremsha maji. Nilikuwa nachora mishale hewani kwa vidole vyenye matope. Nilikuwa naelekea kuonyesha kwamba aliyehama na asiyehama ni mtu mmoja katika nyakati mbili tofauti, na nadhani lilikuwa jambo zuri, lakini nyuso zilikuwa zimeanza kulala.

"Mwarimu, fupisha," mtu mmoja alisema. "Hatujakula. Sema ile ya maji."

"Ndiyo, ile ya maji," wengine wakaitikia, na niliona wanajiandaa kucheka kile kicheko cha pili.

Nilijifuta matope vidoleni. Ndipo ile sauti ilipotoka upande wa wanawake.

"Mwarimu, waambie kwanza ile ya jicho."

"Jicho gani?" mkuu akauliza.

Nilimtazama mama jirani. Hakuwa ananihurumia. Alikuwa ameshika koleo, mikono imetulia juu ya mpini, anangoja.

"Nilihamisha mnyaa," nilisema. "Mimi ndiye niliyeanza. Asubuhi, baada ya swala. Nikauvuta, utomvu ukaniingia jichoni."

"Nani alikutibu?" akauliza, kana kwamba hajui.

"Mkweo."

"Na nini?"

"Kwa maziwa."

"Ya ng'ombe?"

Mtu alianza kucheka nyuma. "Hapana," nilisema.

"Sema vizuri, batu ba mbali hawasikie."

"Maziwa ya mtoto," nilisema. "Maziwa ya huyo mtoto."

Walicheka. Walicheka kwa miguu, wakashikana mabega. Mmoja akasema mtoto apewe fidia. Mwingine akauliza kama nilicheulishwa baada ya kunyonya. Mshona viatu akasema kwamba hata vitabu vyangu sasa atavisoma, maana vimeandikwa na mtoto mchanga. Mkuu mwenyewe alikaa juu ya gunia akijifuta macho. Alipopata pumzi akamgeukia jirani yangu. "Na we, Mama, haukusogeza?"

"Nilisogeza. Yeye alisogeza moja, mi nikasogeza mbili. Lakini mi haikuniingia mu jicho. Mi najua kukata munyaa."

Kikawa kicheko kingine tena. Habari ya mahema ilijaribu kusimama mara moja au mbili, lakini kila aliyeitaja aliulizwa kama na yeye anataka kunyonya. Hawakuamua kuwaacha wageni wabaki. Nisiwasifu, wala nisijisifu. Walicheka, wakaona njaa, wakaenda kula, na mkutano ukafa bila azimio, kama mikutano mingi iliyo salama.

Lakini sentensi haikufa mle. Nyuma ya bomba kulikuwa na familia nyingine ya ziwani, watu ambao sikuwajua hata kwa sura, waliokuwa wamepanga chumba kwa mtu asiyekuwepo kwenye mkutano. Wiki ile mwenye nyumba aliwaambia watoke. Mke wangu aliwaona wakipita na godoro kichwani kuelekea barabara kuu. Aliyewatoa, nasikia, aliwaeleza sababu kwa maneno mafupi, na maneno yenyewe nayajua. Hao hawakuwa na mnyaa wa kupakana nami wala mama mkwe mwenye sauti.

Chumba kilijengwa. Tuliuhamisha mnyaa tukiwa wote wawili, yeye na panga, mimi nikichomeka kwa uangalifu nimevaa miwani ya kusomea, na mkuu akasimama kati yetu ili apate soda yake. Jiko letu tulilileta barazani, na sasa moshi unaingia kwenye chumba cha vitabu. Mke wangu alifungua ile kamba akaifanya ya kuanikia nguo. Mama jirani ananisalimu kama zamani, tena kwa utani zaidi, ananiita mjukuu. Hotelini wameniita tena, nikaenda, nikala. Mchoro ni uleule. Nikifika kwenye mshale mwekundu nasema haraka haraka.

Mkwe wake hanitanii. Ananisalimu kwa heshima yote, "Jambo, Mwarimu," akiinamisha kichwa, na hilo ndilo tatizo. Haendi kwenye bomba letu. Kila asubuhi anapita mbele ya lango langu na bido tupu na mtoto mgongoni, anateremka mpaka upande wa Kinama, kwenye bomba la watu wasiomjua, na kurudi wakati jua limeshakuwa kali.

Tulikuwa tumevuta maji uani kwetu, mradi wa siku nyingi wa mke wangu, na bomba lilipoanza kutoa, nilimngoja langoni. Nilikuwa nimeyapanga maneno, kisha nikayapunguza, kisha nikayapunguza tena, mpaka yakabaki machache ambayo hata mimi nisingeweza kuyaharibu.

"Mwanangu," nilisema, "maji yapo hapa. Uwe unachota hapa."

Alisimama. Mtoto alinitazama juu ya bega lake, mkubwa sasa, na meno mawili. Mama yake alihamishia bido kwenye mkono wa pili.

"Aksanti, Mwarimu," alisema kwa upole. "Ile maji yenye ilituleta inatosha."

Akainama kidogo, kama inavyotakiwa, akaendelea na njia yake. Nilibaki langoni nikilisikia lile dumu tupu likigonga goti lake mpaka alipokata kona.